Mpaka Lini

Mwenyekiti wa umoja wetu wa wenye nyumba alifariki Aprili 2022, katikati ya Ramadhani, tukamzika siku ileile kabla ya magharibi. Alikuwa mzee wa nyumba namba 3, wa kwanza kuhamia, na mikorosho miwili ambayo mpaka leo tunafanyia mikutano chini yake aliipanda yeye. Mimi nilikuwa katibu wake. Watu wa miradi mingine ya nyumba wamekuwa wakiniuliza, wengine kutoka Lindi, wengine Masasi, tulivukaje kipindi kile. Tulianza kwa kukosea, na mimi nilikuwemo ndani ya kosa.

Tuko nje kidogo ya mji wa Mtwara, njia ya Newala, hujafika Naliendele. Nyumba 64. Zilijengwa miaka ile ya gesi, viwanja vilipopanda bei na watu wa Dar es Salaam wakawa wanakuja na ndege asubuhi, wananunua, wanarudi jioni. Kampuni iliyojenga iliuza nyumba, ikachimba kisima kirefu kimoja, ikaweka tenki, geti na barabara ya kifusi, kisha ikaondoka. Kila mtu ana hati ya nyumba yake, lakini kisima, geti, mtaro na taa za njiani ni vya wote. Sisi si kama wenzetu wa maghorofa, ambao wana sheria yao ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Tulijikusanya kwa hiari, tukasajili umoja chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, tukawa tunachanga shilingi 15,000 kwa nyumba kila mwezi, na Agosti 2020 tukachagua kamati ya watu saba kwa miaka mitatu.

Katiba tuliazima kwa watu waliotutangulia, tukabadilisha jina. Kurasa sita. Ilieleza ada, faini, mpaka umbo la mhuri. Kuhusu kiti kikibaki wazi haikuwa na mstari hata mmoja, na siku tunaipitisha hakuna aliyeuliza. Nani angeuliza? Mzee alikuwa amekaa pale mbele, mzima, anatucheka tunavyogombania viti vya plastiki.

Baada ya maziko kila mtu alinyamaza kuhusu nafasi yake. Kwetu, arobaini haijafika, ukisimama kusema kiti cha marehemu kijazwe utaonekana ulikuwa unamsubiri afe. Niliona ni heshima, na bado naona ni heshima. Lakini wakati sisi tunaheshimu, kamati ilikuwa imeshabomoka bila wenyewe kujua. Mhazini wetu, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Songea tangu Januari. Alituaga vizuri, tukamwandalia chakula, na nafasi yake tukasema tutaiangalia. Mjumbe mwingine aliacha kuja vikaoni muda mrefu. Hakujiuzulu, hakufukuzwa, jina lake likaendelea kukaa kwenye orodha. Kwa hiyo kifo cha mzee hakikutuachia nafasi moja wazi, kilituachia tatu, na mbili kati ya hizo tulikuwa tumezizoea.

Mwezi wa tano pampu ikaungua.

Pesa zilikuwepo benki. Watia saini walikuwa watatu, mwenyekiti, mhazini na katibu, na hundi ilitaka saini mbili. Mmoja yuko kaburini, mmoja yuko Songea, nimebaki mimi. Pale benki walinipokea vizuri na kunieleza wanachotaka: muhtasari wa kikao halali kilichochagua watia saini wapya, nakala ya katiba, na barua ya serikali ya mtaa. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikajiuliza kikao halali kinaitishwa na nani wakati mwenye kuitisha vikao kwa mujibu wa katiba ni mwenyekiti.

Siku ya nane bila maji, watu wananunua dumu la lita 20 kwa vijana wa matoroli, sisi wanne tuliobaki tukakutana barazani kwangu baada ya isha. Tulikuwa tumechoka. Mmoja akasema, bwana wa nyumba namba 9 ana gari, ana biashara ya mbao, ana moyo, tumwombe awe mwenyekiti. Tukampigia simu palepale. Akaja na kanzu yake, akasikiliza, akakubali. Niliandika muhtasari kwa mkono wangu: "Kamati imemteua." Tukapiga mhuri.

Katiba ileile iliyokuwa imefungwa kabatini mwangu, hatua chache kutoka nilipokaa, ilisema akidi ya kamati, yaani idadi ya chini kabisa ili kikao kiwe halali, ni wajumbe watano. Sisi tulikuwa wanne. Sikuifungua. Nilikuwa katibu, kazi ya kuifungua ilikuwa yangu, na sikuifungua kwa sababu nilitaka maji.

Kwa kuwa karatasi za benki zingechukua wiki, bwana wa namba 9 alitoa shilingi 1,850,000 zake. Pampu ikaja, fundi akaifunga, maji yakatoka Ijumaa asubuhi. Mimi nililia jikoni. Akaendelea na kazi: akazibua mtaro kabla ya mvua, akabadilisha mlinzi aliyekuwa analala, akaanza kudai ada kwa waliokaa miaka bila kulipa. Hapo ndipo alipogusa watu.

Mkutano mkuu tuliuitisha Novemba. Nilipanga tarehe mwenyewe na hilo nalo lilikuwa kosa, maana Novemba ni msimu wa korosho. Nusu ya wenye nyumba wana mashamba Newala, Tandahimba, Masasi. Mwezi huo wako huko wanaokota na kupeleka ghalani, wanafuatilia mnada, na hata ukimpata mtu mjini akili yake iko kwenye bei ya kilo. Akidi ilikuwa nyumba 33. Walikuja watu wa nyumba 24. Ndipo akasimama bwana mmoja anayesimamia nyumba za watu walioko Dar es Salaam, akatoa barua 11 za uwakilishi. Hapo ingekuwa 35, akidi imetimia. Barua zile zilipita mkono kwa mkono, na mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia: "Mbona mwandiko ni mmoja?"

Katiba haikusema lolote kuhusu uwakilishi. Kelele zilipoanza, bwana wa namba 9 alisimama kutuliza watu, na kijana mmoja aliyekuwa anadaiwa ada ya miaka miwili akamwuliza, "Wewe ulichaguliwa na nani?" Akageuka kunitazama mimi. Nilisema kamati. Mzee wa nyumba 41, karani mstaafu wa mahakama, akauliza kwa upole wajumbe walikuwa wangapi. Nikajibu wanne.

Mkutano uliishia hapo. Kila alichofanya mtu yule tangu Juni, kuanzia mlinzi mpya mpaka mtaro, kikaitwa cha mtu asiye na mamlaka. Na pesa yake ya pampu ikawa haina wa kumlipa, maana nani angeidhinisha? Wiki zilizofuata alikuwa akipita na gari lake bila kushusha kioo. Mke wake, ambaye tulikuwa tukipeana mboga juu ya ukuta, alinijibu salamu kwa adabu na kuingia ndani. Nimeona watu wakisema ukosefu wa akidi ni jambo la karatasi tu. Mimi niliona unavyomvunjia heshima mtu mwema mbele ya majirani zake, kwa sababu sisi tuliomwita hatukumpa kitu cha kusimamia.

Yule mzee karani ndiye aliyetuinua. Alikuja kwangu Desemba, akakaa, akakubali chai na ming'oko, akasema, "Mwanangu, mmelilia mtu, hamkulilia utaratibu. Lete hiyo katiba." Tukaisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, siku tatu. Kila tulipofika mahali yeye anauliza: je, huyu akifa? Je, akihama? Je, akiuza nyumba? Je, akikaa tu kimya? Nikawa naandika pembeni.

Jambo lililotuchelewesha zaidi lilikuwa muda. Wengine walitaka atakayejaza kiti cha mzee apewe miaka mitatu mipya. Mzee karani akakataa, na hoja yake ilikuwa ya kitu ambacho sote tulikiona kwa macho. Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki, alituuliza, je, nchi ilipiga kura? Haikupiga. Ibara ya 37(5) ya Katiba ya nchi inasema Makamu wa Rais anaapishwa na anakuwa Rais kwa muda uliobaki wa ile miaka mitano. Mama Samia aliapishwa tarehe 19 Machi, na jina la Makamu mpya likapelekwa bungeni kuthibitishwa kwa kura. "Muda uliobaki," mzee akarudia. "Kiti hakizaliwi upya kwa sababu aliyekikalia kafa. Siku yake ya mwisho ilishaandikwa." Na je, kumalizia muda wa mtu kunahesabiwa kuwa ni muhula wako? Akatuonyesha ibara ya 40(4): ukishika kwa chini ya miaka mitatu, unaruhusiwa kugombea mara mbili; ukishika miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. Nilikuwa nimeishi na Katiba hiyo maisha yangu yote na sikujua kama ina jibu la ugomvi wa mtaani kwetu. Sisi tukaandika kwa kipimo chetu: ukimalizia zaidi ya nusu ya muhula wa mwenzako, umehesabiwa muhula mzima, chini ya hapo, hapana.

Mwenzetu wa nyumba 58, anayeishi Texas, Marekani, na amempangisha binamu yake hapa, naye alitutumia ujumbe wa sauti mrefu. Kule vyama vya wenye nyumba vina nguvu kubwa, na sheria ya jimbo lao inaruhusu bodi kumteua mtu wa kuziba nafasi iliyoachwa kwa kujiuzulu, kifo au kushindwa kazi kwa ulemavu, lakini mteuliwa anamalizia muda uliobaki tu. Muhula ukiisha, wenye nyumba wenyewe ndio wanaochagua. Nilifarijika. Tulichofanya barazani si kwamba ni dhambi popote duniani. Tulikosa ruhusa iliyoandikwa, tulikosa akidi, na tulikosa kusema mpaka lini.

Maneno hayo, mpaka lini, nilikuja kuyasikia tena mahali ambapo sikutegemea.

Tulipanga mkutano maalumu Jumapili ya mwisho ya Februari 2023, korosho zimekwisha uzwa na Ramadhani haijaingia. Wenye nyumba 20 walisaini barua ya kuuitisha, na mtendaji wa mtaa akakubali kuusimamia, ili pasiwe na swali la nani kauitisha. Tukabandika tangazo getini siku 21 kabla: viti vitatu viko wazi, anayetaka achukue fomu kwangu. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Nikaanza kusema kama wengi wanavyosema, kwamba watu wa hapa hawajali, wanataka maji lakini hawataki kazi.

Bibi wa nyumba 22 akanikatalia. Akasema tangazo halimwombi mtu, mtu anaombwa na mtu. Tukatoka naye jioni baada ya alasiri, siku nne, upepo umetulia na joto la Februari linakaba, tukapiga hodi nyumba kwa nyumba. Hatukuuliza "Utagombea?" Bibi aliniambia niulize, "Ungeombwa, ungezuiwa na nini?"

Fundi friji wa nyumba 30 alikuwa ameinama nyuma ya friji la mtu. Akafuta mikono, akanijibu, "Dada, kazi naiweza. Lakini mpaka lini? Mzee wa watu amekifia kile kiti." Muuguzi wa nyumba 52 alisema anaweza kutunza hesabu lakini ana zamu za usiku, na hajui kiti kile kinakula saa ngapi kwa mwezi. Kijana wa nyumba 16, anayefanya kazi bandarini, alisema alidhani ukiingia hutoki mpaka ugombane na watu. Nyumba baada ya nyumba, jibu lilikuwa lilelile kwa maneno tofauti. Hakuna aliyesema kazi ni nzito. Walichoogopa ni kazi isiyo na ukingo, ambayo mtu akiingia anasahaulika humo mpaka afe, ahamishwe, au aaibishwe kama bwana wa namba 9. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha hivyo.

Usiku ule niliandika karatasi moja kwa kila kiti. Mwenyekiti: kikao kimoja kwa mwezi, kwa muda wa saa mbili, kuonana na mtaa na halmashauri inapobidi, kusaini hundi. Mhazini: Jumamosi moja ya kukusanya, jioni moja ya kufunga hesabu, taarifa getini kila mwezi. Na chini ya kila moja, kwa herufi kubwa: mwisho wa kazi hii ni Jumapili ya mwisho ya Agosti 2023, miezi sita. Tulipozirudisha zile karatasi kwa watu, fundi friji alisoma, akasoma tena ule mstari wa chini, akauliza, "Miezi sita tu?" Akachukua fomu. Kwa viti vitatu tukapata wagombea saba.

Palikuwa na ugomvi mmoja kabla ya siku yenyewe, nao ulinikosesha usingizi: wadaiwa wapige kura au wasipige? Waliolipa kila mwezi walisema kwa hasira, na kwa haki, kwamba haiwezekani anayekunywa maji bure achague anayeshika pesa. Lakini kwenye daftari langu wadaiwa walikuwa nyumba 19. Humo alikuwemo mjane wa nyumba 47, anayedaiwa tangu mume aumwe, na kijana aliyeharibu mkutano wa Novemba akiwa na gari jipya. Ukiwafungia wote, umemnyamazisha mjane. Tena umewapa wasiotaka uchaguzi sababu ya kuukataa. Tulikubaliana kwamba yeyote atakayesaini makubaliano ya kulipa kidogo kidogo na kuanza awamu ya kwanza kabla ya siku ya kura, anapiga. Nyumba 13 zikasaini. Mjane alileta shilingi 5,000 zimefungwa kwenye kona ya kanga. Ningekuwa peke yangu ningemsamehe deni lote, lakini pesa haikuwa yangu, na yeye mwenyewe hakutaka. Alitaka jina lake likae kwenye orodha kama la wengine.

Orodha ya nyumba zenye haki ya kura ilibandikwa getini siku 14, na siku saba za mwanzo zilikuwa za pingamizi. Nasisitiza hili kwa kila anayeniuliza: gombaneni kuhusu orodha mapema, msigombane nayo siku ya kura, sanduku likiwa mezani. Kura ni ya nyumba, siyo ya kichwa, kwa kuwa ada nayo ni ya nyumba. Mpangaji anapiga akiwa na barua ya mwenye nyumba, na mtu mmoja habebi barua zaidi ya mbili, na mwenye nyumba anapigiwa simu kuthibitisha. Bwana wa zile barua 11 alileta mbili. Wenye nyumba wengine wanne wa Dar es Salaam walipanda basi wakaja wenyewe. Kumbe walikuwa hawajawahi kualikwa.

Siku ile walikuja watu wa nyumba 41 kati ya zote 64. Tulianza na mabadiliko ya katiba, kwa sababu huwezi kujaza kiti kwa kanuni ambayo bado haijapita. Nafasi ni wazi mtu akifariki, akijiuzulu kwa maandishi, akiuza nyumba, au akikosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa. Hili la mwisho lilimhusu mjumbe wetu wa kimya, naye alikuwepo, akanyanyua mkono kulikubali. Nafasi itangazwe getini ndani ya siku saba. Kamati inaweza kuteua wa kukaimu kwa siku zisizozidi 60, halafu wenye nyumba wachague wa kumalizia. Ikiwa muda uliobaki haufiki miezi mitatu, aliyekaimu amalizie. Na wajumbe wakishuka chini ya watano, waliobaki hawana ruhusa ya jambo lolote isipokuwa moja, kuitisha mkutano mkuu. Kipengele hicho nilikisoma mimi kwa sauti. Tukaongeza mtia saini wa nne, na tukaweka kwamba mkutano ukikosa akidi, wa pili uitishwe baada ya siku 14 na theluthi moja ya nyumba itoshe.

Kisha bwana wa namba 9 akaombwa asimame. Hatukumthibitisha kuwa mwenyekiti; mzee karani alieleza kuwa uteuzi ule haukuwa na miguu, hauwezi kurudishiwa miguu leo. Kilichoweza kuridhiwa ni matumizi. Akasoma risiti moja moja, pampu, waya, nauli ya fundi. Mikono ikanyanyuka, 39. Nilisimama na mimi nikasema mbele ya wote kwamba muhtasari wa Juni niliuandika mimi, na akidi sikuiangalia, na yeye hakuwa na kosa. Hakunijibu. Akarudi kukaa.

Kura zilipigwa kwa siri, mtu anaingia nyuma ya pazia la kanga kati ya mikorosho, anatumbukiza karatasi yenye mhuri kwenye ndoo ya kilo kumi iliyotobolewa mfuniko. Mtendaji akahesabu kwa sauti, akiinua kila karatasi juu, na binti wa kidato cha nne akachora vijiti ubaoni. Mwenyekiti: 23 kwa 17, moja imeharibika. Fundi friji. Kwa mhazini zikatoka 20 kwa 20 na moja imeharibika. Pakawa kimya. Mtu akapendekeza warushe shilingi. Muuguzi, ambaye ni mmoja wa wale wawili, akasema hapana, yeye hataki kushika pesa za watu kwa bahati ya sarafu. Tukarudia kura. Akashinda, 22 kwa 19, na aliyeshindwa akashika mkono wake na kumwonyesha mahali pa kununua vitabu vya risiti. Ya mjumbe ilipita haraka.

Wiki iliyofuata muhtasari, katiba na barua ya mtaa vilikuwa benki, na hundi ya kwanza iliyosainiwa ilikuwa ya shilingi 1,850,000. Mabadiliko ya katiba tuliyapeleka kwa Msajili wa Vyama.

Agosti tulichagua kamati nzima. Hapo tulijifunza jambo jingine ambalo katiba ya kuazima ilitunyima: viti saba vikiisha siku moja, kumbukumbu yote ya umoja inaweza kuondoka siku moja. Nani anajua fundi wa pampu ni yupi, mkataba wa mlinzi uko wapi, deni la nani lilisamehewa na kwa nini? Kwa hiyo wanne waliopata kura nyingi walipewa miaka mitatu, watatu waliofuatia miaka miwili, na kuanzia hapo kila kiti kinaendelea kwa miaka mitatu, lakini havimaliziki pamoja. Mimi nilikuwa wa sita. Nikapewa miwili, ikawa ni muhula wangu wa pili na wa mwisho. Fundi friji aligombea tena akashinda. Ubao wa getini tuliupaka rangi upya, na mbele ya jina la kila mjumbe pakaandikwa mwezi na mwaka wa kumaliza. Watoto walikuwa wakizisoma zile tarehe wakisubiri gari la shule.

Mambo hayakuwa laini yote. Mjumbe mmoja aliuza nyumba Januari 2024, katikati ya muhula, tukatangaza ndani ya siku saba, tukamteua kijana wa bandarini kukaimu, na mwezi wa tatu akachaguliwa kumalizia. Ilichukua jioni moja. Nilikaa pale chini ya mkorosho nikamkumbuka marehemu, na wiki zile za matoroli ya maji, nikaumia upya.

Muhula wangu uliisha Jumapili ya mwisho ya Agosti 2025. Aliyechaguliwa kuwa katibu ni mke wa bwana wa namba 9. Tulishaanza tena kupeana mboga mwaka mmoja kabla, bila kulizungumza lile jambo, ila hakuwahi kuingia kwangu tangu Novemba ile. Siku ya makabidhiano aliingia, akakaa barazani mahali palepale mume wake alipokaa na kanzu yake. Nikamkabidhi mhuri, kisahani cha wino, katiba, daftari la mihtasari na sanduku la vitabu vya risiti. Alihesabu vitabu, akafungua daftari, akahesabu tena. "Dada, hapa viko saba. Wewe umeandika vinane." Nikasema haiwezekani. Akavua viatu, tukaingia wote ndani kutafuta, kabatini, chini ya kitanda, kwenye begi la nyaraka za benki. Tulikikuta saa moja usiku, ndani ya ndoo ya kura.